Karatasi ya Sitini na Mbili

Awiti aliacha shule akiwa darasa la tano, na hesabu aliyobaki nayo ilimtosha kuuza njugu tu. Hata hivyo kuna nambari moja aliyoijua kama anavyojua majina ya wanawe: milioni arobaini na nane, elfu mia nane themanini na tatu, mia tisa themanini na saba. Ukiiandika inakuwa 48,883,987.

Mumewe, Okello, aliileta nyumbani ikiwa imeandikwa kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Ilikuwa Ijumaa moja ya mwaka wa 1996, siku kiwanda cha nguo alichokitumikia miaka kumi na tisa kilipofungwa. Mitumba ilikuwa imejaa kila soko na watu hawakutaka tena kitambaa cha kukata. Tangazo lilisomwa, umeme ukakatwa saa nane mchana, na kelele iliyomfanya Okello azungumze kwa sauti ya juu hata kanisani ikanyamaza mara moja. Wenzake walianza kubeba walichoweza: spana, balbu, vipande vya kitambaa walivyojifunga tumboni chini ya shati. Okello alisimama mbele ya mtambo wake akaitazama mita. Kila mtambo ulikuwa na mita iliyohesabu kila mara uzi ulipovuka kitambaa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mita ya mtambo wake ilikuwa imeanzia sufuri mwaka uliotangulia, baada ya matengenezo, na sasa ilikuwa imesimama. Aliinakili. Akipita kwenye ukumbi akaokota pia bunda la karatasi za miraba zilizotupwa na wachoraji wa vitambaa.

"Wenzako wamebeba nini?" Awiti alimuuliza jioni ile.

"Vitambaa."

"Na wewe?"

"Namba."

"Haya. Na hiyo namba tutakula na mboga gani?"

Okello alicheka. Alikuwa bado mtu wa kucheka wakati huo, ingawa vumbi la pamba lilikuwa limekwisha kaa kifuani mwake na kila kicheko kiliishia kwenye kikohozi.

Walihama kutoka nyumba ya mawe ya Makongeni, Thika, wakaenda Witeithie, chumba kimoja cha mabati nyuma ya kioski cha mama mmoja aitwaye Waceke. Viola, binti yao mkubwa, alikuwa ameolewa Mwiki, upande wa Ruiru, na wadogo walipelekwa kwa nyanya yao kijijini, Alego. Awiti akaanza kukaanga njugu na kuziuza Eneo la Viwanda, kwenye malango ya viwanda vilivyobaki wazi. Okello alitafuta kazi miezi minane. Wafumaji walikuwa wengi kuliko mitambo, na alipoitwa kwa majaribio mahali pamoja, kikohozi chake kilimtangulia mlangoni.

Nambari ilikuwa imehama kutoka kiganjani hadi ukutani, ameiandika kwa makaa kwenye ubao ulioshikilia mabati, na hapo ndipo Mwalimu Zacharia alipoiona. Zacharia alisoma na Okello kijijini hadi kidato cha pili, Okello alipokosa karo. Mwenzake aliendelea, akawa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya upili huko Ruiru, na mara moja kwa miezi mitatu hivi alikuja kumsalimu rafiki yake akiwa na mkate na sukari.

"Hii ni namba ya nani?" aliuliza. "Ya simu?"

"Ya mashine yangu."

"Na unaiangalia hivyo kama picha ya mama yako?"

"Nimeijaribu," Okello akasema. "Kwa tatu inabaki moja. Kwa saba inabaki tano. Kwa kumi na moja inabaki tisa, na kwa kumi na tatu tisa tena. Mimi nafikiri haigawanyiki, Mwalimu. Nafikiri ni zile mlizoziita tasa."

Zacharia alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Okello, bwana! Namba ya kuokota kiwandani? Namba kubwa kama hizi karibu zote huwa na mlango. Ni vile hujautafuta."

"Na nikitafuta nikikosa?"

"Ukikosa nitakuja hapa nikuamkie kama mwalimu wangu. Nitaiandika ubaoni kwa kidato cha nne, na jina lako chini."

Zacharia alisema hayo kama mtu anavyoahidi kurudi kesho. Awiti, aliyekuwa akichochea jiko, aliona uso wa mumewe. Kwa miaka kumi na tisa Okello alikuwa amefuma mashuka, sare za shule, kitambaa cha bendera, na hakuna uzi hata mmoja uliokuwa na jina lake. Sasa alikuwa ameonyeshwa mahali jina lake lingeweza kuandikwa.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi kueleza na ndefu kufuata. Zacharia alimwambia kwamba kama nambari hiyo ina wagawanyi wawili, mmoja wao lazima awe chini ya elfu saba, kwa sababu ukizidisha elfu saba kwa elfu saba umeipita. Kwa hiyo Okello alichukua karatasi zake za miraba, akachora kwenye kila moja boksi la miraba mia, kumi kwa kumi, na kuzijaza kwa penseli kutoka moja hadi elfu saba. Karatasi sabini. Kisha akaanza kukata: kila ya pili, kila ya tatu, kila ya tano, kila ya saba, akiendelea hivyo wiki baada ya wiki, mpaka zikabaki zile tu ambazo hakuna kitu kilichozikata. Zilikuwa mia tisa. Ya mwisho kabisa alikuta imezidi kidogo, akaiacha. Mia nane tisini na tisa, na kila moja ilipaswa kujaribiwa juu ya nambari yake.

Karatasi ishirini na moja za kwanza alizimaliza mwenyewe, akigawanya pembeni kwa mwandiko mdogo. Halafu mistari ikaanza kumkimbia. Kwenye kliniki ya macho walimwambia ni presha ya macho, na kwamba imechelewa. Kufikia Novemba ya 1997 alichokiona ni mwanga wa mlango tu, wazi au umefungwa.

"Mama Viola," alisema siku moja, "wewe utanisomea."

"Nisome nini na mimi sijui?"

"Zile hazijakatwa. Soma moja, ngoja, andika nitakachokuambia, soma nyingine."

Basi ikawa ndiyo kazi yao ya saa kumi jioni, Awiti akisharudi na beseni tupu. Okello alikaa kwenye kigoda uso ukiwa mlangoni, yeye akakaa kitandani na karatasi magotini.

"Elfu nne na tatu," alisoma siku moja.

Midomo ya Okello ilitembea. Vidole vyake vilitembea pia, kana kwamba vilikuwa vinaunga uzi uliokatika. "Mara elfu kumi na mbili, mia mbili na kumi na moja. Inabaki elfu tatu, mia tatu hamsini na nne. Andika."

"Unafanyaje hivyo bila kuandika?"

"Ni kama kufuma tu. Unavusha uzi, unausukuma ukae, unavusha mwingine. Usipoharakisha haukatiki."

Walikuwa wameoana miaka ishirini na mitatu. Katika hiyo, mingi Okello alirudi nyumbani masikio yameziba, akala, akalala. Awiti hakuwahi kujua kwamba mumewe angeweza kuketi na kitu kimoja kwa upole namna hiyo. Alianza kuharakisha kurudi. Kila karatasi iliyokwisha aliifunga kwenye bunda la walizozimaliza, kwa uzi mwekundu, na bunda la zisizosomwa likaendelea kukonda.

Mwezi wa Januari mvua za El Niño zilikuwa bado hazijaisha, na paa la chumba lilivuja pembeni pale mabunda yalipowekwa. Okello aliyahamisha kwa kupapasa, nyuzi zikafunguka. Asubuhi iliyofuata Awiti alikuwa na njugu za moto na hana karatasi ya kufungia, kwa maana magazeti ya zamani aliyopewa na Waceke yalikuwa yamelowa yakawa uji. Alivuta karatasi moja kutoka kwenye bunda lililokuwa karibu. Aliona alama za penseli, akadhani ni mojawapo ya zilizokwisha. Aliikata vipande vinne, akavikunja kama pembe, akavijaza njugu. Kabla ya saa sita mchana vyote vinne vilikuwa vimeondoka mikononi mwa watu wa zamu ya asubuhi, na hakufikiria tena jambo hilo.

Alilifikiria Aprili. Walikuwa wamemaliza karatasi ya sitini na moja, ile inayoishia elfu sita na mia moja. Okello alikuwa na siku mbaya, ametema damu kwenye kitambaa asubuhi, lakini alitaka kuendelea. "Zimebaki tisa," alisema. Awiti alichukua karatasi iliyofuata na kuona juu yake imeandikwa 6,201. Alizihesabu zilizobaki kwa macho. Zilikuwa nane.

Akaelewa mara moja.

"Endelea," Okello akasema.

Angeweza kumwambia. Kuchora upya karatasi moja ingekuwa kazi ya siku mbili, naye Okello angemwelekeza zipi za kukata. Lakini angelazimika kusema kwamba kipande cha maisha yake kilifungia njugu. Na tena, alijiambia, karatasi sitini na moja zimepita na hakuna chochote kilichoigawanya nambari hiyo. Ni karatasi moja tu. Kuna nini humo?

"Elfu sita, mia moja na moja," akasema, akitunga.

Okello akagawanya, akataja kinachobaki. Awiti akajifanya anaandika.

"Elfu sita, mia moja na tatu."

Akagawanya.

"Elfu sita, mia moja na saba."

Akagawanya.

"Elfu sita, mia moja na kumi na moja."

Midomo ya Okello haikutembea. "Hapana," alisema.

"Nini?"

"Sita na moja na moja na moja ni tisa. Hiyo inagawanyika kwa tatu. Nilishaikata hiyo, Mama Viola. Angalia vizuri."

Awiti alitazama mikono yake mitupu. "Nimeruka mstari. Ni kumi na tatu."

"Kumi na tatu," Okello akarudia taratibu. Alingoja kidogo, uso mlangoni. "Sawa. Kumi na tatu."

Tangu hapo Awiti alijumlisha tarakimu moyoni kabla ya kufungua mdomo. Alitaja zilizomjia, zenye sura ya kutogawanyika, zinazoishia kwa moja au tatu au saba au tisa. Baada ya 6,163 alitaja 6,167, kisha 6,169, kisha akaruka hadi 6,179. Jioni ilipoisha alikuwa ametunga kumi na moja, karatasi ikahesabiwa kuwa imekwisha.

Walimaliza katikati ya Mei, siku ya Jumanne.

"Elfu sita, mia tisa tisini na moja," Awiti alisoma. Sauti ilimtoka kama ya mtu anayesoma kaburini.

"Mara elfu sita, mia tisa tisini na mbili. Inabaki elfu mbili, mia tisa na kumi na tano." Okello akainua kichwa. "Kuna nyingine?"

"Hakuna."

"Imeisha?"

"Imeisha, Baba Viola."

Alicheka. Kikohozi kilikuja juu ya kicheko, kikamkunja, na alipoinuka machozi yalikuwa yakimtoka kwenye macho yale yasiyofanya kazi nyingine. "Haigawanyiki," alisema. "Mashine imesimama penyewe tu, hakuna aliyepachagua, na haigawanyiki. Mwambie Viola ampitie Zacharia shuleni. Aje Jumapili ya wiki ijayo." Halafu, kama mtu anayekumbuka kitu dukani: "Na nikifa, kwa msalaba muandike hiyo. Jina hata mtu mwingine anaweza kuwa nalo."

Zilikuwa siku kumi na mbili kabla ya Jumapili hiyo. Awiti alijua shule zina walimu wenye vitabu na mashine za kuhesabia, na kwamba Zacharia hangeandika kitu ubaoni bila kukijaribu. Alimwona akilini mumewe akiaibika mbele ya mtu aliyemcheka. Alijiambia kwamba akishajaribu zile alizoruka na kukuta hakuna kitu, atalala.

Kwa hiyo alikaa kwenye lango la kiwanda na beseni la njugu mbele yake, kipande cha penseli mkononi, na kitabu cha shule kilichobaki na kurasa nyeupe. Aliandika nambari zote kutoka 6,101 hadi 6,200. Alikata zinazogawanyika kwa mbili na kwa tano. Alijumlisha tarakimu akakata zile za tatu. Zikabaki ishirini na kitu, akaanza kugawanya moja moja, kwa njia aliyofundishwa na mwalimu wa darasa la tano mwenye fimbo, akishusha tarakimu moja baada ya nyingine. Moja ilimchukua karibu saa nzima, kwa sababu alizidisha vibaya na kurudia.

"Haiya, Mama Viola," Waceke alimwambia alipopita kuchukua maziwa. "Siku hizi njugu unaziandikia barua? Ama umepata mzee mwingine, wa kusoma?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini na beseni haijapungua?"

Siku ya sita alifika 6,173. Aliandika 48,883 na kuona inaingia mara saba. Ikabaki 5,672. Akashusha tisa: 56,729, mara tisa, na akaandika chini yake 55,557. Ikabaki 1,172. Akashusha nane, mara moja, ikabaki 5,555. Akashusha ile saba ya mwisho, na alipoandika 55,557 mkono wake ulisimama, kwa kuwa nambari hiyo hiyo alikuwa ameiandika mistari michache juu. Mara tisa. Akatoa.

Hakikubaki kitu.

Alirudia yote kwenye ukurasa mwingine, kisha tena, huku mteja akisimama na shilingi zake mkononi akiita mama, mama. Mara zote ilikuwa sufuri. Mlango ulikuwepo. Ulikuwa umesimama kati ya 6,169 na 6,179, nao walipita mbele yake bila kubisha, naye ndiye aliyekuwa akiongoza njia.

Siku zilizofuata alipika, akauza, akamsugua Okello mgongo kwa maji ya moto, na hakusema. Okello alikuwa amebadilika. Alikula. Alimwomba amnyoe ndevu Jumamosi. Jumapili asubuhi alivaa shati jeupe, kitambaa cha kiwandani, na kukaa kwenye kigoda uso mlangoni, akingoja.

"Baba Viola," Awiti akasema. "Inagawanyika."

Okello hakugeuka. "Kwa ngapi?"

"Elfu sita, mia moja sabini na tatu."

"Mara?"

"Elfu saba, mia tisa na kumi na tisa."

Midomo ilianza kutembea. Awiti alisimama na kitambaa cha jikoni mkononi, akiomba, kwa upumbavu, kwamba awe amekosea. "Elfu sita mia moja sabini na tatu mara elfu nane," Okello alinong'ona. "Milioni arobaini na tisa, elfu mia tatu themanini na nne. Toa mara themanini na moja. Toa laki tano na kumi na tatu." Vidole vikasimama. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo yenyewe."

Nje Waceke alikuwa akimfokea mbwa.

"Nani ameipata?"

"Ni mimi."

"Kwa karatasi?"

"Kwa kitabu. Pale langoni." Kisha akamwambia yote: mvua, bunda, njugu, pembe nne. Alisema haraka ili asipate nafasi ya kujihurumia.

Okello alisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Siku ya elfu sita mia moja na kumi na moja. Ulipoanza, sikusikia karatasi. Wewe ukichukua mpya huwa unaipigapiga kwa goti. Siku hiyo hukupiga." Alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Nilitaka iishe. Nikasema kama kuna kitu, basi kiko kwingine."

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniambia."

Zacharia alibisha saa saba kasoro robo, na mkate, na daftari jipya la kunakilia. "Yuko wapi mwalimu wangu?" alipaza sauti toka nje. "Nimekuja kuamkia!"

"Ingia," Okello akasema. "Inagawanyika, Zacharia. Mke wangu ameipata." Akataja zote mbili, kwa utaratibu, ili mwenzake aandike.

Zacharia alipiga paja. "Si nilikuambia! Si nilikuambia, Okello? Shemeji, wewe ni moto! Mngekuja shule yangu nyinyi wawili." Alikunywa chai, akaeleza kwamba hizo mbili zenyewe ni tasa, kwa hivyo ni mgawanyo mzuri sana, wa nadra, angewapa wanafunzi kama zoezi. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaachia mkate. Daftari alirudi nalo.

Alipoondoka Okello aliomba asaidiwe kuvua shati, akalala akielekea ukuta. Aliishi hadi Agosti. Hakumkemea Awiti hata siku moja, na saa kumi jioni hakumwita. Awiti alijaribu mara moja. Alimletea nambari ya kadi yake ya hospitali, akamwambia, "Hii je?" Okello akasema amechoka. Wiki zake za mwisho Awiti alimuuliza kuhusu msalaba, maana alikuwa amesema mwenyewe. "Jina litatosha," akajibu.

Lakini hata msalaba haukupatikana. Ndugu zake wa Alego walituma ujumbe kwamba gari la kumsafirisha ni gharama wasiyoiweza, mvua imewaharibia mashamba, kwamba azikwe huko kwa muda, watakuja kumchukua. Awiti alijua maana ya kwa muda. Okello akazikwa makaburi ya umma ya Thika, mtu wa Alego aliyelala ugenini, na watu kumi na wawili wakaja, wakiwemo Viola na Waceke. Zacharia alikuwa anasahihisha mitihani.

Makaburi hayo hayakuwa na majina kwa wasio na pesa. Mzee wa manispaa, aitwaye Nzau, alikuwa na ndoo ya vibati vilivyotobolewa nambari, na kila kaburi lilipewa kinachofuata. Alikipachika kibati kwenye kijiti, akakikandamiza udongoni kwa kisigino, akaenda zake. Kiliandikwa 1,187.

Waombolezaji wakaanza wimbo. Viola alimshika mamake mkono, akadhani midomo ile inayotembea inaimba. Awiti alikuwa amejumlisha: kumi na saba, kwa hivyo si ya tatu. Kwa saba ikabaki nne. Kwa kumi na moja ikabaki kumi. Kwa kumi na tatu, nne. Kwa kumi na saba, kumi na nne. Hakuharakisha. Alivusha uzi mmoja, akausukuma ukae, akavusha mwingine. Kumi na tisa, ikabaki tisa. Ishirini na tatu, kumi na nne tena. Ishirini na tisa. Thelathini na moja. Zote ziliacha kitu; zaidi ya hapo hakukuwa na haja ya kwenda, na safari hii hakuruka hata moja.

"Mama," Viola alimwambia, wimbo ulipoisha, "twende. Watu wanaondoka."

Awiti alikigeukia kile kilima kidogo cha udongo mwekundu kama anayetaka kuita mtu aliye chumba cha pili, mdomo umefunguka tayari kutaja kinachobaki.